Kagari kekundu ka Mazda, na kwanini safari hii naamini RX-7 inarudi

Tarehe 25 Oktoba 2023, kwenye maonyesho ya magari ya Japani pale Tokyo, Mazda walifunua kagari kekundu kafupi kalikolala chini, kutoka barabarani mpaka juu ya paa ni milimita 1,150 tu, yani mtu mzima akisimama pembeni paa linamvuka kiuno kidogo basi. Wakaliita Iconic SP. Toka siku ile mi nimekuwa mtu wa kuliongelea hilo gari popote nikipata wa kunisikiliza, iwe kijiweni Area C hapa Dodoma, iwe gereji, iwe kwenye daladala ya kwenda Mtumba asubuhi watu wanasinzia, na kila nikiliongelea swali la kwanza ni lile lile, "linauzwa bei gani?" Haliuzwi. Ni konsepti, gari la kuonyeshea wazo, linaundwa likawekwe jukwaani watu waone kampuni inawaza nini. Ila mtu yeyote aliyewahi kuipenda RX-7, lile gari la michezo la Mazda, akiliangalia mara moja tu anajua ameona nini: boneti imeshuka chini kabisa, kiuno chembamba, viti viwili, taa za mbele zinajificha na kufunuka kama za RX-7 za zamani, afu ndani yake wanasema kuna rota mbili. Hiyo ya rota ndo iliyonifanya nikae niandike hivi virefu.

Kwa ambao hawakuifuatilia, RX-7 ilitoka mwaka 1978, ikaja kizazi cha pili 1985, cha tatu 1991, na 2002 wakafunga mlango. Zilitengenezwa zaidi ya laki nane. Kile kizazi cha tatu, kinachoitwa FD, kwangu mimi ndo gari zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka Japani na nasema hivo nikijua mashabiki wa Toyota Supra wa hapa mjini watanijia juu. Bodi yake haina mstari mmoja uliowekwa kwa kujaza nafasi. Uzito unacheza kilo 1,250 mpaka 1,300 hivi, turbo mbili zinazopokezana, moja inafanya kazi injini ikiwa mizunguko ya chini, nyingine inaingia ukipanda, nguvu ilianza farasi 255 ikaja kumalizia farasi 280. Na injini yenyewe ni cc 1308. Sasa huku kwetu swali la kwanza kwenye gari lolote ni "cc ngapi", mtu anataka kujua ushuru na anataka kujua mafuta, na ukimwambia cc 1308 anakuona unamtania kwa sababu IST ya jirani yake, ile ya 1.5, ina cc nyingi kuliko hizo.

Hapo ndo panapoanzia utamu wote wa hii stori, kwa sababu injini yenyewe haifanani na injini nyingine yoyote unayoijua.

Injini ya kawaida ina pistoni, zinapanda na kushuka, zinasimama juu zinasimama chini, maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake kuna valvu na kemshafti na mnyororo au mkanda. Injini ya rotari haina pistoni, haina valvu, haina hata kimoja kwenye hivyo. Ndani yake kuna rota, kichuma cha pembe tatu chenye mbavu zilizovimba kama sambusa, inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la nane nene, na inavyozunguka kila upande wake unavuta hewa na mafuta, unabana, unawasha, unatoa moshi, vyote kwa mpigo, pande tatu zikifuatana. Rota ikizunguka mara moja shafti imezunguka mara tatu, kwa hiyo kila mzunguko wa shafti kila rota inakupa mlipuko mmoja. Rota mbili zinakupa milipuko sawa na injini ya silinda nne, kwenye kitu ambacho ukikitoa nje ya gari utashangaa udogo wake. Na kwa sababu hakuna kitu kinachopanda na kusimama na kushuka, inazunguka laini sana, RX-8, gari lililoifuata RX-7, ile ya manual mstari mwekundu kwenye geji ulikuwa unaanzia mizunguko 9,000 kwa dakika na inafika huko bila malalamiko. Ule mlio ukishausikia kwa masikio yako hautoki kichwani, unapanda bila kukatika.

Mazda hawakuivumbua. Wazo ni la Mjerumani Felix Wankel pamoja na kampuni ya NSU, na mwaka 1961 Mazda, enzi hizo ikiitwa Toyo Kogyo, chini ya bosi wao Tsuneji Matsuda, wakasaini mkataba wa kupewa hiyo teknolojia. Sababu haikuwa mapenzi ya mbio. Serikali ya Japani ilikuwa inafikiria kuziunganisha kampuni za magari zibaki chache, na kampuni ndogo ya Hiroshima ilihitaji kitu chake ambacho wengine hawana, la sivyo imemezwa. Kazi akapewa Kenichi Yamamoto na mainjinia 47. Shida ikajitokeza mapema: zile ncha tatu za rota zina vipande vyembamba vya kuzibia, apeksi sili, na vilikuwa vinakwaruza ukuta wa chumba mpaka vinaacha michirizi, wenyewe wakaiita kucha za shetani. Walihangaika nayo miaka. Mei 1967 wakatoa Cosmo Sport, gari lao la kwanza la rotari. NSU waliowauzia wazo lenyewe gari lao la Ro 80 liliwatia hasara kwa injini zilizokuwa zinarudishwa, Mercedes-Benz walijaribu wakaacha, General Motors wakaacha, Mazda hawakuacha. Mwaka 1991 wakaenda Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, na gari la mbio 787B namba 55 lenye rota nne, Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot wakaendesha saa 24 wakashinda, kampuni ya kwanza ya Japani kushinda pale. Mi huwa nawaambia wadogo zangu hiyo ndo timu yangu, wengine wana Simba na Yanga, mi nina Hiroshima.

Ilikufa kwanini basi? Kwa sababu za kweli kabisa na shabiki anayezikataa anajidanganya. Kile chumba ni kirefu na chembamba, moto haufiki kila kona, mafuta mengine yanatoka hayajaungua, kwa hiyo inakunywa petroli na moshi wake ni mchafu. Injini yenyewe imeundwa ichome oil kidogo, kuna pampu inayopeleka oil ndani ili zile sili zisisage ukuta. Sheria za moshi zikazidi kubana, RX-7 ikaondoka, RX-8 iliyotoka 2003 ikajitahidi, ilikuwa na farasi 250 bila turbo, ilichukua tuzo ya injini bora ya mwaka duniani 2003, lakini Ulaya iliacha kuuzwa 2010 na 2012 uzalishaji ukaisha kabisa.

Na RX-8 ndo inayonipa uchungu, kwa sababu hiyo tumekuwa nayo huku.

Dodoma RX-8 zimefika, siyo nyingi, lakini zimefika. Kuna kaka mmoja tunakaa naye kijiwe kimoja aliagiza ya kwake enzi za namba C, nyeusi, manual, ile milango ya nyuma inafunguka kwa kinyume, ikipita mitaa ya Kisasa watu wanasimama. Alikuwa anaipenda. Shida hakuna mtu hata mmoja kwenye mnyororo mzima aliyemuambia hiyo ni injini ya namna gani, siyo aliyemuagizia, siyo aliyeitoa bandarini, siyo fundi wa kwanza aliyeishika. Miezi ikapita, taa ya oil ikawaka, fundi akachomoa dipstiki akatikisa kichwa, akasema "kaka, hii inakula oil, ringi zimeisha, tushushe injini". Ringi za nini? Ringi zinakaa kwenye pistoni na humo hakuna pistoni. Ilikuwa inakula oil kwa sababu walioiunda walitaka iwe hivo, ilichohitaji ni mtu wa kuangalia dipstiki kila anapojaza mafuta na kuongeza, basi. Yeye baada ya kuambiwa vile akaogopa, akawa anaiendesha taratibu, gia ya tano mizunguko elfu mbili, akidhani anaitunza, kumbe rotari ikiendeshwa hivo siku zote masizi yanajaa kwenye sili zinanata.

Afu kuna hili la kuosha gari, hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu naona litajirudia. Vijana wa karwoshi wanawasha gari baridi, wanaisogeza mita kumi, wanaizima. Wanasogeza tena, wanazima. Kwenye Premio hakuna kinachotokea. Kwenye rotari mafuta yanabaki ndani hayajaungua, yanaosha ile oil iliyokuwa inazilinda sili, plagi zinalowa, mara nyingine ukija kuwasha inakugomea kabisa. Ukiiwasha iache ipate moto ndo uizime. Ni sentensi moja tu hiyo, mtu angeambiwa siku anakabidhiwa funguo.

Dalili ya mwisho ilikuwa ile ya kawaida ya rotari iliyoisha kompresheni, yani haibani tena hewa vizuri: asubuhi ikiwa baridi inawaka vizuri, ukienda sheli ukaizima ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe. Kakaa sheli barabara ya Iringa jua la Novemba, watu wanapiga honi. Wakamwambia betri, akanunua betri. Wakamwambia pampu ya mafuta, akanunua pampu. Koili, akanunua koili. Mwisho wakaitoa injini nzima wakaweka ya Toyota, na sasa gari linatembea, halisumbui, ila ule mlio haupo na mwenyewe hasimami tena kulielezea kama zamani. Mi simlaumu, angefanya nini.

Injini iliyotolewa ilibaki kwenye gereji moja Majengo kwa mzee mmoja ambaye namheshimu sana. Siku moja nimekaa pale nikaanza kumuelezea, akanisikiliza mpaka mwisho, afu akauliza, "kwa hiyo mwanangu, hii haina valvu kabisa?" Nikamwambia haina, mzee wangu. Akanyamaza kidogo, akasema "sasa kompresheni mnapimaje?" Na hilo ndo swali lenyewe hasa, maana kipimo cha kawaida kinakupa namba moja, ile kubwa, wakati rota ina pande tatu na upande mmoja unaweza kuwa umekufa usijue. Kuna mashine zake maalum, ila kuna njia ya kienyeji pia: unatoa kile kivalvu cha kuzuia presha kwenye geji, unapiga starta, unaangalia mshale, lazima uruke mara tatu kwa mpigo ulio sawa, kama kuna mruko mdogo au umepotea basi sili ya upande huo imekwenda. Nilivyomuelezea akacheka kwa furaha, akasema "kumbe inasema yenyewe". Kama yule kaka angekutana na huyu mzee mapema, na wote wawili wakajua hayo, lile gari lingekuwa linalia mpaka leo.

Sasa turudi kwenye kagari kekundu.

Najua kuna wenye kunyanyua mabega. Wana haki. Mwaka 2015 Mazda hao hao walileta RX-Vision pale pale Tokyo, gari zuri mpaka linakera, wakasema injini ya rotari mpya, dunia ikalia, na halikutoka. Nissan 2013 walituonyesha IDx, vijana tukaanza kuota mpaka leo. Kwa hiyo konsepti peke yake siyo ushahidi wa kitu. Mi ninachoangalia ni kama kampuni imetibu kile kilichoiua gari mwanzoni, na RX-Vision kwa maoni yangu ilikuwa haijatibu chochote hadharani, ilikuwa ni umbo na ahadi.

Iconic SP ni tofauti kwa sababu rota wameipa kazi nyingine. Wanaita mfumo wa Rotary-EV: rota mbili na umeme kwa pamoja, farasi 370, uzito kilo 1,450, uzito umegawanywa nusu mbele nusu nyuma. Ubaya mkubwa wa rotari ulikuwa ni kubadilishwa badilishwa kasi, foleni, simama, ondoka, mizunguko ya chini. Ukiipa kazi ya kuzalisha umeme unaiweka kwenye mizunguko inayoipenda, inakaa pale, na motor ya umeme inabeba ile kazi ya kusimama na kuondoka. Na uzuri wake wa asili, ule udogo na ulaini, unabaki, ndo maana boneti ya lile gari imeweza kushuka vile, injini ya pistoni ya nguvu hiyo ingepata tabu kuingia mle. Wanasema pia inaweza kuchoma haidrojeni na mafuta mengine yasiyoongeza kaboni. Yani udhaifu umepelekwa mahali ambapo hauumi.

Tena siyo maneno ya jukwaani tu, maana 2023 hiyo hiyo walishaweka rota barabarani tena kwenye MX-30 R-EV, rota moja ya cc 830, farasi 75, kazi yake ni kuzalisha umeme tu, betri ya kilowati-saa 17.8 inayokupeleka kama kilomita 85 kabla rota haijaamka. Siyo gari la kuota usiku, ni gari la kupeleka watoto shule, ila angalia walichofanya ndani: apeksi sili wameziongeza unene kutoka milimita 2 kwenda 2.5, mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya chumba ili yaungue vizuri, kuta za pembeni wamefanya za alumini injini ikapungua kilo 15. Hayo ndo magonjwa yale yale ya RX-8. Mtu anayetaka kuachana na rotari hahangaiki na nusu milimita ya sili.

Afu Januari 2024 rais wa Mazda, Masahiro Moro, akasimama kwenye Tokyo Auto Salon akasema kikosi cha kuunda rotari kinarudishwa, na tarehe 1 Februari kikaanza na mainjinia 36. Kikosi hicho kilikuwa kimevunjwa 2018. Mapokezi ya Iconic SP yalichangia, mwenyewe alisema watu walivyoipokea ilimpa nguvu. Hapo ndo niliposhawishika. Kupaka gari rangi nyekundu ikapendeza ni kazi ya idara ya usanifu, kuwaita mainjinia 36 na kuwalipa kila mwezi ni uamuzi wa mwenye pesa.

Kuna kitu kingine kinanipa moyo. Kwenye maonyesho yale yale ya 2023 Honda walileta konsepti ya Prelude, watu wakasema maneno hayo hayo, haitoki, Septemba 2025 ikaanza kuuzwa Japani. Toyota walileta FT-1 mwaka 2014, tukasubiri, 2019 Supra ikarudi. Inawezekana, inachukua miaka, ila inawezekana.

Sasa mtu wa Dodoma yanamhusu nini haya? Yanamhusu sana na hapa ndo naombaga watu wanisikilize. FD za zamani haziji tena kwetu. Marekani wana sheria inayoruhusu gari likifikisha miaka 25 liingie kwao bila masharti mengi, na FD za 1991 zilianza kufikisha 2016, toka hapo Wamarekani wanazibeba Japani kwa pesa ambayo huku unanunua kiwanja na kujenga. Ukiipata hata moja, kwetu gari likivuka miaka 8 TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu, juu ya ushuru wa forodha 25% na VAT 18%, afu spea utaiombea kwa Mungu. Kwa hiyo mlango wa nyuma umefungwa. Mlango uliobaki ni Mazda watengeneze mpya, Mjapani ainunue, aitunze kama wanavyotunzaga, miaka yake mitano sita ikipita iingie mnadani, na ndo hapo sisi tunaingia, maana hivo ndivyo tulivyopata Altezza, tulivyopata Mark X, tulivyopata Subaru. Kurudi kwa RX-7 kwa kijana wa Nkuhungu au Ipagala ndo nafasi pekee ya kuja kuikalia kwa haki.

Na nchi hii ya katikati inalifaa hilo gari kuliko watu wanavyodhani. Mji wenyewe uko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kidogo huku juu, motor ya umeme haijali kabisa. Vituo vya kuchajia magari njiani tusivisubiri, ukiwa na rota inayozalisha umeme ndani unaenda Morogoro, unaenda Dar, sheli zipo. Barabara ya Iringa ukishapita Fufu na bwawa la Mtera ukaanza kupanda Nyang'oro, zile kona, gari jepesi lenye mgawanyo wa nusu kwa nusu utalifurahia ukiwa spidi ya kawaida kabisa bila kumtafuta trafiki na tochi yake. Hilo watu wengi hawalielewi kuhusu RX-7, haikuwa gari la kukimbia moja kwa moja, wa kukimbia moja kwa moja wapo wengi. Ilikuwa gari la kukata kona, unageuza usukani na pua imeshaenda kabla hujamaliza kuwaza. Vumbi letu jekundu ndo sitalitetea, filta ya hewa itabidi ibadilishwe mara kwa mara na gari lililolala chini vile kwenye matuta ya Kizota litapata tabu, atakayelimiliki ajipange.

Joto nalo. Rotari upande mmoja wa chumba ndo unawaka moto muda wote na upande mwingine ndo unapokea hewa baridi muda wote, kwa hiyo chuma kinavutwa huku na huku, ikichemsha mara moja tu zile ringi za mpira zinazozuia maji zinaweza kuachia. Oktoba na Novemba zetu mnazijua. Rejeta safi, kulanti sahihi na siyo maji ya bomba, feni zinafanya kazi, hayo hayana mjadala.

Oktoba 2025 Mazda wameleta nyingine tena, Vision X-Coupe, rota mbili zenye turbo pamoja na umeme, farasi 510, inaenda kilomita 160 kwa umeme peke yake na 800 ukijumlisha. Watu wamefurahi na mi nimefurahi, maana rota imetajwa tena kwa sauti. Ila nitasema ninavyojisikia: lile ni gari la milango minne, lina urefu wa mita 5 na ushee, ni la bosi. Iconic SP ina mita 4.18. RX-7 ilipendwa kwa sababu ilikuwa ndogo na nyepesi na mtoto wa mtu wa kawaida aliweza kuiota, na kama Hiroshima watachagua moja kati ya hizo mbili naomba wachague ile ndogo hata kama nguvu itapungua, wachukue farasi 300, wachukue 280 kama za FD ya mwisho, wapunguze kilo tu. Gia za mkono nitazikosa, motor ya umeme haizihitaji, hilo linaniuma na sitajifanya haliniumi, lakini nikiambiwa nichague kati ya rota isiyo na gia na kutokuwa na rota kabisa, sihitaji hata muda wa kufikiria.

Kuna mtu mmoja kwenye historia ya Mazda, Ikuo Maeda, ndo aliyeongoza usanifu wa RX-8, na baba yake Matasaburo Maeda ndo aliyechora RX-7 ya kwanza ya 1978. Baba na mtoto. Kitu kikikaa kwenye kampuni kwa namna hiyo hakifutiki na ripoti ya mauzo.

Kwa upande wetu huku kazi ninayoiona ni mafundi. Gari likija miaka ya 2030 likakuta bado tunatafuta ringi za pistoni kwenye rotari, litaishia pale pale ilipoishia ile nyeusi ya Kisasa. Kwa hiyo nimemuomba yule kaka, amekubali, injini yake iliyokaa Majengo tuifungue yote chini ya usimamizi wa mzee, tupige picha kila hatua, tuzione sili zimeisha wapi, tuipange upya hata kama haitaingia kwenye gari lolote. Vijana wawili wa VETA wamesema watakuja. Vifaa vya kawaida tunavyo, tunachokosa ni soketi kubwa ya nati ya flaiwili, ile ya milimita 54, na seti ya apeksi sili za RX-8 hata zilizotumika. Mwenye navyo, au anayejua mtu Dar au Arusha aliyewahi kuifungua 13B, ndo jina la injini hii ya RX-8, kwa mikono yake, aniandikie, nauli ya kuvifuata natoa mimi.